Magari mawili ya mashindano, na pikipiki moja ya kununua

Lubondja. Wiki hii sileti habari ya mkutano wala ya bei ya mihogo. Ninaleta jibu la swali niliyoulizwa mahali pa kuchaji simu. Nilidhani ni swali la mchezo, kumbe lilikuwa la maisha ya mtu.

Ilikuwa jioni, mvua imetukusanya chini ya bati. Vijana sita au saba walikuwa wameinamia simu moja. Niliposogea niliona video ya magari mawili ya zamani yakikimbia katika tope jekundu, tope kama la kwetu kabisa. Moja lilikuwa la chini, mgongo wake wa mviringo kama kobe. La pili lilikuwa la pembe pembe kama sanduku, gari ambalo ukilikuta limesimama sokoni huwezi kuligeukia mara mbili. La kwanza ni Porsche 911 la Ujerumani. La pili ni Ford Escort, lililozaliwa Uingereza. Yalikuwa katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani ambayo yamewahi kupita Kenya na Tanzania.

Vijana waligawanyika. Wengi walisimama upande wa Porsche kwa sababu ya sura yake. Kijana mmoja motari, aliyekimbia kutoka milimani na sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, ndiye aliyenigeukia.

"Yaya, weye ni mtu wa redio, unasomaka mambo mengi. Kama wangezileta kwenye barabara yetu hii, gani ingefika? Na mtu akitaka kuweka moja miaka mingi, achukue gani?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nilimwambia nitajibu katika kipindi.

Nilienda kwanza kwa mzee mmoja fundi ambaye wengi mnamfahamu, yule anayetengeneza mashini za kusaga. Ujana wake aliupitisha katika magaraji ya Baraka na ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Nilipotaja Escort alitabasamu. Alisema siku za Pasaka, huko Kigoma, mafundi walikuwa wanaacha kazi na kuzunguka redio kusikia nani anaongoza Safari. Hawakuona gari hata moja kwa macho. Waliyaona kwa masikio, kama ninyi mnavyoona mpira kupitia sisi.

Safari Rally ilianza mwaka 1953. Ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika majira ya mvua, kwenye barabara za kawaida ambazo lori na ng'ombe wanapita. Watengenezaji wa Ulaya na Japani walikuwa wanaleta magari yao huku kwa sababu moja tu: barabara za Afrika Mashariki hazidanganywi na rangi. Gari likishinda Safari, mtu wa kawaida aliamini kwamba litampeleka kazini na kumrudisha. Peugeot 404 ilijenga jina lake hivyo, halafu 504, ile ambayo wazee wetu wanaisifu hadi leo.

Kwa miaka karibu ishirini, dereva wa kutoka mbali hakuweza kushinda Safari. Walishinda wenyeji tu, kama Joginder Singh wa Kenya, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliyevunja mwiko huo ni Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, pamoja na msomaji wake wa njia Gunnar Palm. Gari lao lilikuwa Ford Escort. Nyuma yao, nafasi ya pili, alikuja Sobiesław Zasada wa Poland, ndani ya Porsche 911. Kwa hiyo ubishi wa vijana wetu chini ya bati una zaidi ya miaka hamsini.

Sasa tuyaangalie haya magari kama fundi anavyoyaangalia.

Escort ilianza kuuzwa mwaka 1968. Ilikuwa gari la mwalimu na la karani, si la tajiri. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, na ekseli ya nyuma ni moja imara, imekaa juu ya vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama vile vya lori zinazotuletea mizigo. Hakuna siri. Kwa ajili ya mashindano, Ford waliimarisha bodi na kuiwekea injini yenye nguvu iliyotoka kwa watu wa Cosworth, yenye valvu 16. Hayo ndiyo ya RS1600, na baadaye RS1800. Lakini mifupa ilibaki ya gari la mwalimu. Mzee wetu alisema: "Ekseli ya namna hiyo ikivunjika unaiona kwa macho. Unalala chini, unafungua, unafunga, unaendelea."

Porsche 911 ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1963 na ikaanza kutengenezwa mwaka 1964. Walitaka kuiita 901, lakini Peugeot walisema namba tatu zenye sifuri katikati ni zao, ndipo ikawa 911. Injini yake iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli. Ina silinda 6 zilizolala, tatu huku na tatu kule. Na kwa miaka mingi, hadi 1998, haikutumia maji. Ilipozwa na upepo wa feni na mafuta yake yenyewe.

Hapo motari yeyote anaelewa faida. Pikipiki zetu hazina rejeta. Jiwe haliwezi kutoboa kitu ambacho hakipo. Na uzito kuwa nyuma mnaujua pia: ukifunga magunia mawili nyuma ya kiti, unapopanda mlima wa tope tairi la nyuma linashika vizuri. Lakini mbele panakuwa pepesi, na ukiingia kona kwa haraka halafu ukashtuka na kuachia esanse, mkia unataka kukupita. Porsche 911 ni hivyo hivyo. Inampenda mtu anayeijua, na anayejifanya anaijua inamtupa nje.

Katika Safari ile ya asili, Porsche haikushinda hata mara moja. Mara tatu ilifika ya pili: 1972 na Zasada, 1974 na Björn Waldegård, na 1978 na Vic Preston Jr. wa Kenya. Escort ilishinda mara mbili, 1972 na 1977. Mwaka ule wa 1977 aliyeendesha Escort ni nani? Ni huyu huyu Waldegård wa Sweden, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ndani ya Porsche.

Mtu huyu ndiye shahidi ninayemwamini kuliko video zote za kwenye simu. Aliyajua magari yote mawili kwenye barabara za hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1979 alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia kwa upande wa madereva. Miaka ilipita, akazeeka. Mwaka 2003 ilianzishwa Safari ya magari ya zamani, ile ya kwenye simu ya vijana. Waldegård alirudi. Mwaka 2007 alishinda ndani ya Escort. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alishinda tena, mwanawe Mathias ameketi pembeni akimsomea njia. Safari hii gari lilikuwa Porsche 911. Alifariki mwaka 2014. Kisha mwaka 2015 Stig Blomqvist, Msweden mwenzake, alishinda tena na Porsche.

Kwa nini gari lililoshindwa zamani linashinda uzeeni? Nilimuuliza mzee. Alifikiri kidogo halafu akajibu kwamba gari la zamani linashinda kama kuna mtu amekaa nalo miaka mingi akijifunza udhaifu wake mmoja mmoja. Porsche ya leo kwenye mashindano hayo inafuatwa na mafundi, magari ya piesi, hema na jenereta. "Mpe motari hiyo Porsche bila hao watu," alisema, "uone kama atafika Fizi."

Kuna watu Ulaya, Marekani na hata Nairobi ambao wanakusanya magari haya. Nilisoma sana jinsi wanavyonunua, na niliona kwamba hawaangalii kama vijana wetu. Rangi ni ya mwisho. Kwanza wanatafuta namba. Kila gari lina namba iliyogongwa kwenye mifupa yake na nyingine kwenye injini. Wanataka namba hizo zikubaliane na karatasi za kiwandani. Kuna Porsche moja ya mwaka 1973 inayoitwa Carrera RS 2.7. Zilitengenezwa 1,580 tu, na leo moja inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Kwa hiyo wako wajanja wanaochukua 911 ya kawaida na kuivalisha nguo za RS. Escort nayo ni hivyo: ile ya mwalimu inageuzwa ikaitwa RS, na ukitazama kwa nje huwezi kujua. Namba ndiyo inasema ukweli.

Pili wanatafuta kutu. Escort inaliwa na kutu chini ya miguu ya dereva na pale springi zinapokamatia. Porsche za mwanzo zililiwa pia, mpaka katikati ya miaka ya 1970 kiwanda kilipoanza kupaka zinki kwenye vyuma vya bodi. Tatu wanauliza piesi. Piesi za Escort zinapatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza. Za Porsche zinapatikana pia, kiwanda chenyewe bado kinaziuza, lakini kufungua injini yake ni kazi ya mtu aliyesomea, na bili yake inaweza kununua Escort ndogo ya kawaida.

Haya yote niliyasema hewani, na simu zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja anayekaa na familia iliyompokea. Hakusalimu sana.

"Baba, hao watu wanaofungia gari ndani ya nyumba bila kuliendesha, wana ugonjwa gani? Sisi tumeacha nyumba zenyewe."

Studio nzima ilicheka, nami nikacheka. Nilimjibu kwamba wengine wanaficha kweli, wakingoja bei ipande, lakini mashini isiyotembea inajiua yenyewe: mipira inakauka, esanse inaoza, kutu inaingia taratibu. Wale wanaoleta magari yao kwenye tope la Afrika Mashariki wanayatunza vizuri zaidi kuliko wanaoyafunika kwa shuka.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema siku ya kukimbia alikuwa na mikono miwili na watoto watatu. Aliacha magodoro, akaacha sufuria. Alichukua kichwa cha mashini yake ya kushona, akaacha meza na pedali, akakitwika kichwani siku mbili. Watu walimwona kama amechanganyikiwa. Sasa fundi wa mbao amemtengenezea meza, na anashona sare za shule.

"Nilikuwa na mashini nyingine, ya umeme, zawadi ya kaka yangu. Ilikuwa nzuri kuliko hii. Niliiacha. Hii sindano yake ninaipata soko lolote, na nikikosa fundi ninaifungua mimi mwenyewe."

Sikuwa na la kuongeza. Nilisoma habari za magari kwa siku nyingi, na mama huyu alikuwa amefanya hesabu ile ile kwa dakika chache, mlangoni, watoto wakilia.

Siku mbili baadaye yule motari alikuja nyumbani kwangu usiku. Ndipo alipofungua moyo. Yeye na wenzake wanachanga pesa kila wiki, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika. Pikipiki yake aliiacha milimani alipokimbia. Tangu hapo anaendesha ya mtu, na kila jioni anampelekea mwenyewe pesa yake kabla hajanunua unga wa watoto. Sasa alikuwa na nafasi moja ya kuwa na yake. Alionyeshwa pikipiki mbili zilizotumika. Moja ilikuwa kubwa, yenye nguvu, inang'aa, aina ambayo hapa Lubondja hazifiki tatu. Ya pili ilikuwa ile ya kawaida ambayo kila motari anayo, kiti kimeshonwa mara mbili, rangi imekwisha. Bei zilikaribiana. Ile kubwa ilikuwa rahisi kidogo, na hilo ndilo lililomsumbua.

"Yaya, ile kubwa ni Porsche. Nimeipenda. Lakini kwa nini wananiuzia bei hii?"

Tulimchukua mzee asubuhi tukaenda pamoja. Mzee hakuuliza bei. Alipiga magoti mbele ya ile inayong'aa, akapangusa vumbi kwenye shingo ya usukani, mahali ambapo namba ya mifupa inagongwa. Palikuwa pamekwaruzwa kwa tupa na kupakwa rangi mpya. Namba haikuwepo. Ile ya kwenye injini ilikuwepo, lakini karatasi alizotoa muuzaji zilikuwa na namba nyingine kabisa. Muuzaji alisema aliinunua hivyo kwa mtu aliyekuwa anapita. Pengine anasema kweli. Mimi siwezi kumhukumu.

Njiani tukirudi motari hakusema neno mpaka tulipofika kwenye kivuko. Hapo alisimama.

"Yangu niliyoiacha, namba yake ninaijua kwa kichwa. Labda na yenyewe mtu ameikwaruza mahali fulani, anaiuza kwa kijana kama mimi."

Nimefikiria sentensi hiyo wiki nzima. Sisi tunaokaa katika eneo la vita tunajua pikipiki, mbuzi, mabati na milango vinavyotembea. Vinatoka kwa mtu aliyekimbia, vinafika kwa mtu aliyekimbia pia, kwa bei nafuu, na wa pili anashukuru Mungu kwa bahati. Mkusanyaji wa Ulaya anaangalia namba ili asipoteze pesa zake. Sisi tuna sababu kubwa kuliko hiyo. Namba iliyokwaruzwa ni jina la mtu lililofutwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana wa mahali pa kuchaji simu ni hili. Porsche 911 ni gari kubwa, na mwenye pesa, fundi na piesi atafurahi nalo hadi uzee, kama Waldegård alivyofurahi. Kama nia ni kuweka pesa, dunia inailipia zaidi. Lakini kwa mtu anayetaka gari la zamani alitembeze, alitengeneze mwenyewe na ajue kila kinachokatika, mimi ningechukua Escort. Na kwenye barabara yetu hii, wakati huu wa mvua, bila mafundi wa kufuata nyuma, ninafikiri Escort ndiyo ingefika. Lakini katika magari yote mawili, kitu cha kwanza cha kuangalia si mgongo wa kobe wala pembe za sanduku.

Ninyi mnaotaka kununua pikipiki mwezi huu, fanyeni hivi. Nendeni mchana, si usiku. Pangusa shingo ya usukani usome namba, usome na ile ya injini, uzilinganishe na karatasi. Namba ikiwa imekwaruzwa, acheni, hata bei ikiwa tamu. Tazama kutu chini ya kiti na pale nguzo za nyuma zinapokamatia. Uliza kama piesi yake iko Baraka au ni lazima isubiriwe Uvira. Mchukue fundi, umlipe soda yake; ni pesa ndogo kuliko majuto. Na ninyi mlioacha pikipiki zenu mkikimbia, kama mnakumbuka namba, ziandikeni mahali na kuzihifadhi.

Motari alinunua ile mbaya. Jumamosi alipita mbele ya studio akipiga honi, mnyororo unapiga kelele kama jiwe la kusagia. Nilimwambia abadilishe mnyororo kabla haujamwachia njiani. Alisema atabadilisha akishalipa ada ya shule ya mtoto wa kwanza.

Kutoka hapa Lubondja, ni mimi mwandishi wenu. Tusikilizane wiki ijayo.